Kupakia Trekta ya Bwana Harjit

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimepaka grisi winchi, ile mashine ya trela ya kuvutia mizigo kwa waya. Kila Jumatatu napaka. Mke wangu Mwende anasema napaka grisi kitu nisichokitumia, na ni kweli. Tangu mwaka jana trela yangu inabeba matangi ya maji, milango na mbao. Mashine sibebi.

Uthiru leo baridi ni ya kugandisha meno. Lori limewaka nilipojaribu mara ya kwanza. Asante Mungu kwa hilo, maana betri yenyewe ni ya kuombewa.

Saa nne Bwana Harjit amepiga simu. Nije River Road kesho. Akakata kabla sijauliza ni ya nini. Huyo mzee hana salamu kwenye simu, lakini roho yake ni nzuri kuliko ya watu wengi wenye salamu ndefu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeenda mjini bila lori, nikatembea mpaka River Road. Duka la Bwana Harjit liko pale pale, kati ya mtu wa kuchapa kadi za harusi na lojing ya kulala wageni. Minyororo, bolti, nyaya za chuma, kilemba chake cha bluu nyuma ya mashine ya hesabu. Ananipa kazi tangu nikiwa dereva wa matatu nikitafuta njia ya kutoka. Sijawahi kukosa shukrani kwa huyo mzee.

Kilichoniuma ni kwamba Otieno alikuwa kaunta. Najua anafanya kazi hapo. Nilikuwa nimeomba iwe siku yake ya mapumziko.

Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya kitambulisho. "Sasa." "Poa." Mkongojo wake ulikuwa umeegemea debe la misumari.

Miaka kumi na saba nimefanya kazi na Otieno. Kwanza matatu, mimi usukani, yeye mlangoni. Halafu trela, mimi winchi, yeye macho. Ishara zetu zilikuwa zile zile za matatu. Kofi moja kwa bodi, ule ubavu wa gari, simama. Makofi mawili, twende. Hatukuhitaji maneno.

Mwaka jana kule Kinoo tulikuwa tunateremsha mashine ya kushindilia barabara. Yeye alikuwa nyuma, mimi simwoni. Nikasikia makofi mawili. Nikalegeza waya. Mashine ikashuka, rampu, ule ubao wa chuma wa kupandia na kushukia, ikaruka, ikampata mguuni. Sasa ana vyuma kwa goti na hataweza tena kuchuchumaa. Yeye anasema hakupiga bodi. Mimi nasema nilisikia mawili. Mmoja wetu ni mwongo, na sijaenda kwake tangu atoke hospitali.

Kazi yenyewe: trekta ya Bwana Harjit, ile ya baketi mbele, imezima kwenye site ya ujenzi Kilimani. Inatakiwa gereji. Nimemwambia sifanyi mashine siku hizi. Akasema, "Mutiso, mimi hapana tafuta mtu mwingine. Wewe mkono, Otieno macho. Kama zamani." Otieno aliendelea kupima bolti.

Nikasema nitaangalia. Mjinga mimi.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimeiona. Iko vibaya.

Site ni ya apartment, kwenye kibarabara chenye mteremko, magari pande zote. Trekta imezimia langoni kabisa. Injini imekufa ikiwa na baketi juu, imejaa kokoto, kama mtu aliyesahau kwa nini aliinua mkono. Dereva wake anaitwa Wafula, mtu mpole, ameomba msamaha mara nne kana kwamba mimi ndiye mwenye trekta.

Fomeni amesema magari ya zege yanakuja Jumamosi alfajiri. Trekta ikiwa bado langoni Ijumaa jioni, ataiburuta na ekskaveta. Atavunja ekseli, anajua, na hajali. Bwana Harjit hana trekta nyingine.

Shida si uzito. Shida ni baketi. Injini ikiwa imekufa naweza kuishusha kwa uzito wake, lakini kuiinua tena siwezi. Nikiishusha sana itagonga rampu. Nikiiacha juu, trekta itayumba na kupinduka. Lazima iwe kama kimo cha goti, na lazima trekta ipande kinyumenyume, baketi ikiwa upande wa chini. Nikiwa kwenye winchi sioni huko chini hata kidogo. Lazima awepo mtu wa kuona.

Nilijaribu winchi bila mzigo. Mara mbili nilikigusa kishikio nikakiachia. Wafula aliona, akageuka akaangalia mawingu. Asante kwake.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo. Naogopa kuvunja mtu mwingine.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Asubuhi njema, mchana mbaya.

Wafula na vibarua wawili wametoa kokoto kwenye baketi kwa sepetu, bila mimi kuomba. Mama anayepika chai hapo kwa site akatuletea chai na mahamri, akasema tunaonekana kama watu wa matanga. Nikashusha baketi polepole, kidole kwa kidole, mpaka kimo cha goti. Tukaweka gogo chini ya mikono ya baketi, nikaifunga na mnyororo. Kazi safi. Nilikuwa nimeanza kupiga mluzi.

Saa saba Otieno akaja na boda kuangalia. Aliteremka kile kibarabara na mkongojo wake, hatua, hatua, mawe yamelowa. Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Nilijifanya naangalia tairi.

Aliangalia kila kitu. Akasema gogo ni zuri. Akasema rampu ya kushoto imekaa vibaya, tuweke jiwe. Macho yake hayajaharibika. Halafu akauliza, "Ishara ni zile zile?"

Na mimi na mdomo wangu nikasema, "Ukipiga, upige kweli."

Ai. Hapo ndipo tulipokosana. Mbele ya fomeni, mbele ya Wafula. Akasema hakupiga bodi siku ile, ameniambia hospitalini, ameniambia kwa simu, na hataniambia tena. Nikasema nina masikio. Akasema, "Kwa hivyo mimi nilijivunja mguu nikusingizie?" Nikasema, "Na mimi je, nilikulegezea waya kwa raha zangu?" Akaita boda, akaenda.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Mwende nampigia Bwana Harjit, nimeacha. Mwende alikuwa anakanda chapati. Hata hakuinua uso. Akasema mwaka mzima nimelala vibaya, nimekula vibaya, nimekaripia watu kanisani, na sasa nataka kukimbia kitu ambacho tayari kinanifuata. "Enda kazini. Kama ni kugombana, mgombane mkifanya kazi."

Sikupiga simu. Nikala chapati nne. Namshukuru huyu mwanamke, ingawa hanipi nafasi ya kujionea huruma.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Naandika nikiwa ndani ya lori, nje ya gereji ya Dagoretti Corner. Ni saa tisa mchana. Nataka kuandika kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Saa mbili asubuhi nilifika Kilimani. Otieno alikuwa amefika kabla yangu. Amekaa juu ya tofali, chai mkononi. Akanionyesha kwa kidole kikombe cha pili, kimefunikwa na kisahani. Nikanywa. Ilikuwa imepoa na ilikuwa tamu.

Nikarudisha trela nyuma mpaka kwa trekta. Watu wakaanza kukusanyika. Nairobi ukikwama dakika moja tu, unapata walimu thelathini. Askari wa apartment, watu wa boda, mama wa mboga, wapita njia wenye mabegi ya kompyuta. "Kata kulia! Leta! Leta! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Kila mmoja anatoa ishara yake kwa mkono. Nilitaka kuwatawanya kwa spana. Otieno akawarudisha nyuma kwa mkongojo, taratibu, kama mtu anayefukuza kuku asiotaka kuwaumiza. Wakarudi nyuma. Halafu wakasogea tena.

Tukafunga waya nyuma ya trekta. Wafula akapanda kitini ashike usukani na breki. Mimi winchi, juu mbele ya trela. Otieno chini, upande wa rampu ya kushoto, kiganja kwenye ubavu wa trela.

Makofi mawili. Nikavuta.

Magurudumu makubwa yakagusa rampu, yakapanda. Trela ikalia. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa, waya ukikaza na kitu kizito kikikubali kusogea. Nilitaka kuimba. Kofi moja. Nikasimama. Mawili. Nikavuta. Kama zamani kabisa. Magurudumu ya nyuma yakafika juu ya trela. Yale madogo ya mbele yakaanza rampu.

Kofi moja. Nikasimama.

Nikangoja. Macho yangu yalikuwa kwenye waya, naangalia nyuzi mbili zilizochomoka. Magari yalikuwa yamejazana nyuma, honi zinalia.

Makofi mawili. Makubwa, wazi. Pa, pa.

Mkono ukaenda. Sikufikiri. Miaka ya matatu haifikiri. Waya ukakaza, trekta ikapanda kama hatua moja, na Wafula akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia mtu mpole akipiga. Nikaachilia kishikio, trekta ikaanza kurudi chini. Wafula akakanyaga breki yote. Ikashika. Asante Mungu, ikashika.

Nikainua macho.

Otieno hakuwa karibu na trela. Alikuwa nyuma kabisa, upande wa pili, ameinama mbele ya baketi, mikono yote miwili kwenye ule mnyororo uliokuwa umelegea. Gogo lilikuwa limeteleza. Alikuwa anajaribu kulirudisha. Baketi ilikuwa imesimama upana wa kiganja tu kutoka kifuani kwake.

Na hapa ubavuni mwa trela alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, shati jeupe, kitambulisho cha kazi shingoni. Gari lake lilikuwa la pili kwenye foleni, mlango wazi. Kiganja chake bado kilikuwa kwenye bodi. "Twende, mzee," ananiambia, kwa uso wa mtu anayesaidia. "Iko sawa huku, twende tu."

Nilimwangalia. Otieno alinyanyuka, akashika mkongojo, akatoka nyuma ya baketi. Naye akamwangalia. Akaangalia kile kiganja. Halafu akaniangalia mimi.

Honi zililia. Kinoo pia kulikuwa na umati. Wakati ule kulikuwa na foleni mpaka barabara kuu, na watu wamejaa ubavuni mwa trela, kila mtu ana haraka, kila mtu anataka kusaidia. Mwaka mmoja na miezi miwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria mkono wa tatu.

Otieno akasema, "Mutiso." Basi. Jina tu.

Nikasema, "Nimeona."

Yule bwana akaanza kuelewa kwamba kuna kitu. Akatoa mkono kwenye bodi kama imemchoma. "Poleni, wazee, nilidhani mko tayari, nilikuwa tu nataka..." Wafula alitaka kumrukia. Nikashuka kwenye trela. Nikamshika yule mtu mkono kwa mikono yangu miwili nikamwambia asante. Akasema pole. Nikasema hapana, asante. Otieno naye akaja na mkongojo wake, akamshika mkono, asante. Maskini wa Mungu alirudisha mikono yake kana kwamba anaokota vitu vyake, akaingia kwenye gari, akapandisha kioo.

Otieno akaanza kucheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, anapiga chafya katikati. Mimi nikalia. Sioni aibu. Nililia mbele ya mama wa mboga na watu wa boda, na mmoja wao akanipa tishu.

Tukarudisha gogo, tukakaza mnyororo mara mbili. Hakuna makofi tena. Wafula alikaa kitini, Otieno akasimama mbali, mahali ninapomwona kutoka kofia mpaka kiatu, na akaniongoza kwa mkono mtupu. Kiganja wazi, vuta. Ngumi, simama. Kabla ya kila kuvuta nilimwangalia, nikahesabu mpaka tatu, nikamwangalia tena. Trekta ilipanda polepole mno. Watu walichoka wakaenda zao.

Saa sita kasoro ilikuwa juu. Nikafunga minyororo minne. Fomeni akaja kuangalia lango lake lililo wazi, akasema, "Haya, hiyo imetoka," ambayo kwake ni kama shairi.

Otieno amepanda mbele na mimi mpaka hapa. Ngong Road yote.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Tumeteremsha trekta gereji. Ngumi na kiganja, taratibu. Haikumgusa mtu.

Bwana Harjit alikuja mwenyewe kutoka River Road, akaizunguka trekta, akapapasa baketi. Akatuangalia mimi na Otieno, tumesimama upande mmoja. Hakuuliza. Akasema, "Kama zamani," halafu akatununulia soda. Wafula akanywa mbili.

Otieno amechukua rangi nyeupe ya gereji, ameandika ubavuni mwa trela yangu, herufi kubwa, pande zote mbili: USIPIGE BODI. ASANTE. Hiyo ASANTE ameiongeza mwenyewe. Mwandiko wake ni mbaya sana. Siifuti.

Nimelala mchana. Mwende amesema nimekoroma.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Baada ya kanisa nimeenda kwa Otieno, Kawangware. Mara ya kwanza tangu ajali. Nilibeba ndizi, nikaona haitoshi, nikabeba na mananasi. Nilifika nikiwa kama mtu wa sokoni.

Mke wake Akinyi alifungua mlango. Alinikazia macho kwa muda. Haki yake. Akapokea ndizi, akaniambia niingie, viatu nisivue.

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kusema maneno yangu na nikayasema nikiwa bado nimesimama. Kwamba makofi yalikuwepo, ndiyo. Lakini kishikio kilikuwa mkononi mwangu, na nilikisogeza bila kuinua macho. Kinoo na Ijumaa, zote mbili. Mtu wa shati jeupe hakunisukuma mkono. Na kwamba mwaka mzima nilimwita mwongo ili nisijiite mzembe. Nikamwomba msamaha. Nilimwomba na Akinyi pia.

Otieno alinyoosha mguu wake juu ya stuli. Halafu akasema na yeye ana lake. Kazi yake ilikuwa macho, na macho ni pamoja na umati. Kinoo aliwaona wamejazana ubavuni akawaacha, kwa sababu mmoja wao alikuwa anachekesha. Amekuwa akilijua hilo siku zote, na ilikuwa rahisi kunikasirikia mimi.

Akinyi akasema, "Haya. Mmemaliza? Chakula kinapoa."

Tulikula samaki na ugali na mboga ya sukuma. Alinipa kichwa cha samaki. Mvua ndogo ilianza kupiga mabati. Otieno aliwasha redio, akatafuta mpira, akakosa, akaacha kwaya ikiimba kwa sauti ya chini. Hatukuongea juu ya trekta wala mguu. Aliniuliza kama Mwende bado anauza mayai. Nikasema bado. Akasema atachukua trei.

Nimelala kwenye kiti chao. Sikukusudia. Nilipofungua macho, redio ilikuwa imezimwa, sahani zimeondolewa, na mtu alikuwa amenifunika magoti kwa leso. Otieno naye alikuwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi. Akinyi alikuwa mlangoni anachambua mboga za kesho. Aliweka kidole mdomoni, nisimwamshe.

Nikakaa hapo. Asante, Mungu.